Pilipili Langoni, Machozi Jikoni

Nimechoka kuambiwa kwamba kudai mtoto wa kiume ni mapenzi ya familia. Mapenzi gani haya, yanayokagua mtoto kwanza ndipo mama apewe pole ya uzazi?

Tazama Korea ya zamani. Mtoto akizaliwa, kamba ya majani ya mpunga ilifungwa langoni. Wa kiume, ilichomekwa pilipili nyekundu. Wa kike, vipande vya mkaa na matawi ya msonobari. Mpita njia alijua habari kabla ya kubisha hodi. Mama aliyelala ndani naye alijua: kijiji kimeshasoma hukumu yake.

Mwana ndiye aliyebeba ukoo na kusimamia ibada ya mababu. Kwa mila ya zamani, mke asiyezaa mwana aliweza kuachwa. Mabinti wengine waliitwa Mal-ja, yaani wa kike wa mwisho, ili nyuma yao aje mvulana. Fikiri! Mtoto anaitwa kila siku kwa jina linalomwambia: tulimtaka mwingine.

Kisha vikaja Vita vya Korea, Juni 25, 1950. Je, vita viliheshimu ukoo? Vita vilitaka wana hao hao! Walioombewa usiku na mchana wakavalishwa sare, wengi wasirudi.

Nani alibaki? Binti. Nani alibeba mdogo wake mgongoni katika msafara wa wakimbizi? Binti. Nani alihangaika sokoni na viwandani ili kaka yake asome? Binti, yule yule wa mkaa!

Julai 27, 1953 bunduki zilinyamaza. Midomo haikunyamaza. Mkwe aliendelea kuulizwa: mwana yuko wapi? Na Korea Kusini iliyaona matokeo ya swali hilo: mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, kwa kuwa mimba za kike zilitolewa. Sheria iliyomfanya mwanamume kuwa mkuu wa kaya ilifutwa 2008 tu.

Nawe msomaji, umelala? Unadhani haya ni ya Wakorea peke yao? Ni nani aliyefika kwa mzazi juzi akauliza, hata kabla ya kuketi, "Kapata mtoto gani?"

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Ukienda tena kumpongeza mzazi, liache swali hilo nje ya mlango. Muulize mama kwanza anaendeleaje.