Kwenu ni Kakamega, lakini ukoo gani?

Wewe uliyezaliwa Makongeni au Kaloleni jijini Nairobi, ukiulizwa kwenu ni wapi hujibu upesi: Kakamega. Vyema. Ukoo gani? Hapo wengi hukuna kichwa. Na swali hili si la wazee peke yao. Kwa Waluhya, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na ukoo wa mama nao huepukwa. Ni aibu iliyoje vijana kupendana chuoni, kisha siku ya posa waambiwe kwamba wao ni ndugu!

Wengine hudhani jina litawafumbulia fumbo. La hasha! Wekesa amezaliwa wakati wa mavuno, Wafula wakati wa mvua, Wanjala wakati wa njaa. Mvua hunyeshea koo zote. Lililo na maana zaidi ni jina linalorudi, kwa maana mjukuu hupewa jina la mzee aliyekwisha kufariki. Ukilikuta jina lile lile la babu katika makaburi ya boma la mbali, bisha hodi uulize.

Basi ukienda Krismasi, usiishie kula kuku na ugali. Nakili yote yaliyoandikwa kwenye saruji, hata jina la ubatizo, kwani Petero au Yohana huweza kukufikisha kwenye daftari la kanisa. Maquaker wako Kaimosi tangu 1902. Wazee wa kale walizikwa bomani bila maandishi yoyote. Hapo mwulize shangazi, naye atakuonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Soma kwa makini karatasi za zamani pia. Kabla ya 1948 wilaya iliitwa North Kavirondo. Vihiga nayo ilijitenga 1990, kwa hiyo cheti cha babu kinachosema Kakamega huenda kinamaanisha Maragoli.

Na yule aliyekwenda vitani asirudi? Wa Vita vya Pili mtafute katika makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako majina yamechongwa. Waliofia Burma wako Taukkyan, karibu na Yangon. Taabu ni wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wale wa Kariakor. Sanamu ya askari iliyozinduliwa 1928, pale Kenyatta Avenue, inaahidi kwa maandishi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayamo.