Gari la makelele si gari la nguvu

Vijana wapenda mbio, Bukavu kama kwingine, huota kutoa bomba la moshi lililotoka kiwandani, lile linalofungwa moja kwa moja kwenye injini, na kuweka lingine la kununua. Wanaamini gari litapata nguvu.

Hawakosei kabisa. Bomba hilo huipa kila silinda njia yake ndefu na laini, hivyo moshi hutoka bila kuzuiana. Lakini kompyuta ya gari isipopangwa upya, nguvu inayoongezeka huwa ndogo. Kinachoongezeka sana ni makelele, na jirani mwenye mgonjwa halali.

Kuna hatari zaidi. Fundi asipobana viungo vizuri, moshi huvuja, na monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inaweza kuingia ndani ya gari na kuua. Akikata pia kifaa kinachosafisha moshi, sumu huvutwa na watoto walio kando ya barabara.

Bukavu ni mji wa miteremko. Mwenye pesa ya kutengeneza gari aanze na breki na matairi. Kufika salama ni bora kuliko kusikika toka mbali.