Redio ya Taifa na Masikio ya Watu wa Mpakani

Katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, malori husimama penye kizuizi, lakini sauti ya redio haisimamishwi na askari wala na forodha. Mtu aketiye barazani mwake aweza kusikia habari za Nairobi, kisha akageuza kifungo kidogo akasikia za Kampala. Tena watu wa pande hizi mbili ni ndugu. Mteso ana shangazi yake ng'ambo, na Msamia vivyo hivyo. Kwa hiyo watu wa mpakani hutambua upesi kama redio ya taifa yasema kweli, maana wao huyapima maneno ya huku kwa maneno ya huko.

Redio hizo zimepita katika mikono mingi. Mwaka 1964 Serikali ya Kenya ililivunja shirika la utangazaji lililokuwapo, ikaiweka kazi hiyo chini ya wizara kwa jina la Sauti ya Kenya. Ikakaa hivyo miaka 25, mpaka 1989 lilipoundwa tena Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Huko Uganda, shirika la UBC liliundwa kwa sheria mwaka 2005 lishike mahali pa Redio Uganda.

Nguvu ya chombo hiki yajulikana sana na wenye bunduki. Tarehe 25 Januari 1971 askari waliitumia Redio Uganda kutangaza kwamba serikali ya Obote imeangushwa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa anga waliiteka Sauti ya Kenya, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kusoma habari za mapinduzi, nayo mapinduzi yenyewe yakashindwa. Hapo pana fundisho: nchi ikiwa na sauti moja tu, yeyote aishikaye hudhaniwa ameishika nchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, yaagiza kwamba vyombo vya habari vya Serikali viwe huru kuamua vyenyewe habari za kutangaza, visipendelee upande wowote, na viwape nafasi ya haki wenye maoni yanayopingana. Maneno hayo ni mema, lakini kuyatimiza ni kazi. Mwenyekiti wa KBC huteuliwa na Rais, na shirika hutegemea pia fedha za Serikali. Si rahisi mtu kumkosoa amlishaye.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima? Na litazamwe jambo la mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya Kenya ilikataza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache katazo likaondolewa kwa masharti: waagizaji waandikishwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Katika siku hizo, mkulima wa Teso alitaka kujua bei ya magunia yake, na mchuuzi wa ng'ambo alihofia mtaji wake. Lakini palikuwa na neno kubwa kuliko hayo. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125 mashariki ya Kenya, na mahindi mengi waliyokula yalikuwa yamelimwa na kuwekwa nyumbani kwao. Redio ihofuyo kuudhi wakubwa hulisoma katazo, ikanyamaza. Redio iliyo huru huuliza sumu imepimwa wapi, humsikiliza mchuuzi pamoja na afisa, kisha humfundisha mkulima kuanika mahindi yake vizuri, kwa maana ukungu haujui mpaka.

Uhuru huo si ruhusa ya kutukana Serikali, wala si kazi ya kuisifu. Ni kumwambia mwananchi jambo lilivyo, likiwa tamu au chungu. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Redio ya taifa isipolilisha kwa ukweli, uvumi utalilisha, na pale Busia na Malaba uvumi hauhitaji pasi ya kuvukia.