Kiporo cha Jumatatu ya Pasaka



Tunaandika tafakari ya juma hili jioni ya Jumatatu ya Pasaka. Kwaresima imepita pamoja na Ijumaa zake tulizojinyima nyama, na jana taifa la Mungu lilikula. Kuanzia nyumba zinazotazamana na Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, hapakuwa na jiko lisilotoa moshi. Hata madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia na Kongo walikuwa na masufuria yao kando ya magurudumu. Leo asubuhi, tulipopita nyumba kwa nyumba kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, tuliona jambo moja karibu kila jikoni: sufuria ya nyama ya jana, imefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia limewekwa jiwe ili paka asifunue.

Basi tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie sufuria hiyo. Wengine mtashangaa Paroko kuingia jikoni, lakini kama mtakavyoona, jikoni ndiko tulikofundishwa somo ambalo miaka yote ya seminari haikutufundisha.

Kwanza tuyaweke maneno sawa. Chakula kilichobaki chunguni kikalala, mkono wa mlaji haujakigusa, ni kiporo. Ndugu zetu wa pwani wana neno mwiku kwa chakula cha usiku kinachobakizwa kiliwe asubuhi. Kilichobaki sahanini baada ya mlaji kunawa mikono ni makombo. Haya ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya hukosea adabu pande zote mbili: hukidharau kiporo kana kwamba ni makombo, au humpa mtu makombo akidai ni kiporo. Waandishi wa michezo wanaoziita mechi zilizoahirishwa viporo wameelewa vizuri kuliko wengi wetu. Mechi ya kiporo ina pointi zilezile tatu.

Sasa tuungame. Miaka kadhaa iliyopita, siku ya Noeli, nyumba ya mapadre ilipokea nyama nyingi kutoka kwa waamini: ya mbuzi iliyochomwa na ya ng'ombe iliyokaangwa. Wageni walikula, wakashiba, wakaondoka. Nyama iliyobaki ilikaa mezani jikoni tangu mchana wa Noeli hadi jioni ya siku ya pili, bila mtu kuishughulikia. Jioni hiyo tulifunua, tukaitazama, wala hatukuitamani, maana tulikwisha kuahidiwa kuku. Tukamwambia mpishi, "Mpelekee mlinzi." Tulidhani tumetenda ukarimu.

Mlinzi wetu ni mtu mzima mwenye wajukuu. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akalitazama, kisha akauliza kwa upole, "Asante sana, Baba Paroko. Na ninyi mmekula hii?"

Hatukuwa na jibu. Akaliweka bakuli juu ya ngazi ya mlango, akatuaga, akaenda kuzunguka uzio kama kawaida ya kazi yake. Asubuhi bakuli lilikuwa palepale, limejaa sisimizi.

Ndugu wapendwa, swali lile halijatutoka hadi leo. Kosa letu halikuwa kubakiza nyama, kwa kuwa anayepika kwa ajili ya wageni lazima abakize. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliiacha iharibike, kisha kile tulichokiona hakitufai sisi tukakiona kinamfaa mwenzetu. Tangu siku hiyo tumeanza kuangalia, kila tunapoalikwa, ni nani hasa anayekula kiporo katika nyumba za Wakatoliki wa hapa kwetu. Mara nyingi ni dada wa kazi. Kwa wenye nyumba huandaliwa kitoweo kipya mezani, na yeye jikoni hupashiwa cha juzi. Pengine ni mtoto wa ndugu anayelelewa pale. Pengine ni mama mwenyewe, anayekula kimyakimya kilicholala ili baba apate cha moto.

Hapa akina baba mtuvumilie. Wapo kati yenu wanaotamka kwa fahari kwamba hawali kiporo, kana kwamba ni moja ya amri za Mungu. Mke akileta nyama ya jana, sahani husukumwa pembeni, na mama wa watu hurudi jikoni kuwasha moto upya saa tatu usiku. Tumesuluhisha ugomvi wa ndoa ulioanzia kwenye sahani ya namna hiyo. Kwa maoni yetu, mwanamume anayeona aibu kula nyama aliyoinunua mwenyewe jana haheshimu hata jasho lake.

Sisi tulizaliwa Mbozi, na tumekua katika miaka ya 1980, wakati nyama ilionekana Noeli, Pasaka, na msibani. Mama yetu mzazi alikuwa na mafiga matatu na chungu kimoja kikubwa. Siku ya sikukuu yenyewe nyama ilikuwa na vyeo. Finyango zilihesabiwa: kubwa ya baba, inayofuata ya mgeni, kisha kaka mkubwa, na sisi wadogo tuligombania mfupa. Ikiwa ni kuku, firigisi ilikuwa na mwenyewe tangu kuku akiwa hai. Lakini siku ya pili mama alifanya jambo ambalo hatukulielewa mpaka tulipokuwa watu wazima. Alikusanya nyama yote iliyobaki, akaichambua kwa vidole uzi baada ya uzi, akaipika ndani ya karanga. Nyama iliyochambuliwa haihesabiki. Hakuna ajuaye nani amepata kubwa na nani amepata ndogo. Baba alichovya tonge la ugali katika bakuli lilelile tulilochovya sisi, na shangazi aliyekuja kwa miguu kutoka mbali, akachelewa sikukuu, alikuta fungu lake limo humo humo. Tukiulizwa leo ni chakula gani cha utotoni tunachokikumbuka zaidi, si nyama ya Noeli. Ni ile ya kesho yake.

Jinsi ya kuipika tutaeleza, kwa kuwa akina mama vijana wa jumuiya moja wametuomba, na mpishi wetu amekubali kutoa siri. Chukua nyama ya jana, iwe ya kuchemsha, ya kukaanga au ya kuchoma. Tenga mifupa, ichemshe peke yake upate supu; usiimwage, utaihitaji. Chambua minofu iwe nyembamba. Ile ya kuchoma huwa imekauka, hivyo iloweke kidogo katika supu hiyo ikiwa moto. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo hadi kibadilike rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya nyingi, uziache zivurugike kabisa. Hapo tia nyama, ugeuze. Karanga ziwe zimekaangwa kidogo na kutwangwa. Zikoroge pembeni kwa supu ya uvuguvugu ili zisifanye mabonge, kisha mimina na upunguze moto. Usiondoke, maana karanga hushika chini upesi, na harufu ya kuungua haifichiki. Mafuta ya karanga yakianza kuelea juu, tia majani ya maboga au mchicha uliokatwa, koroga mara mbili tatu, onja chumvi, epua. Majirani zetu wa Zambia hupika mboga za majani kwa karanga na kuziita ifisashi, kwa hiyo hata mgeni kutoka Nakonde atajisikia yuko kwao. Liwa kwa ugali wa moto. Anayependa wali, na mchele wa Kamsamba upo, hatumzuii.

Nyama ambayo jana ingetosha watu wanne, kwa namna hii huwatosha wanane, na mchuzi hubaki.

Lakini upendo usiotumia akili huumiza watu. Bakuli lile tulilompa mlinzi, lau angelila, huenda lingemlaza hospitalini, nasi tungesema ni bahati mbaya. Kanuni za Shirika la Afya Duniani ni nyepesi: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, kihifadhiwe mahali penye ubaridi, na kikipashwa moto kipate joto la nyuzi 70 au zaidi hadi ndani, yaani mchuzi uchemke hasa, si kufuka mvuke tu. Sufuria kubwa iliyojaa hupoa polepole mno. Gawanya nyama katika vyombo vipana na vifupi ipoe haraka, ndipo uiweke kwenye friji. Usipashe moto kiasi kile kile mara tatu na mara nne, toa kinachotosha mlo mmoja. Na wale wanaosema kwamba kuchemsha huua kila kitu wajue kuwa baadhi ya vijidudu huacha sumu katika chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Pua peke yake si mwamuzi wa kutosha. Asiye na friji, na wengi hatuna, na hata wenye nayo umeme hukatika, apike kinachotosha, au agawe mapema nyama ikiwa bado njema. Wazee wetu waliokata nyama mbichi vipande vyembamba, wakaitia chumvi na kuikausha juu ya moshi wa jiko siku ileile ya kuchinja, hawakuwa washamba.

Wapo watakaosoma haya na kucheka kwa uchungu: kwetu, Baba, nyama haibaki. Tunawajua, na tunajua nyumba zenu. Kwa ajili yenu hasa tunasema kugawa kufanyike Jumapili ileile ya sikukuu, nyama ikiwa moto, siyo Jumanne ikiwa imekwisha kuwashinda wenyewe. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Mtu akisikia hesabu hiyo huwafikiria matajiri wa nchi za mbali. Nasi tulifikiri hivyo, mpaka tulipokumbuka lile bakuli lenye sisimizi.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki Jumatatu ya Pasaka kama ya leo, tarehe 21 Aprili 2025, aliligusa jambo hili mapema katika upapa wake. Katika katekesi yake ya tarehe 5 Juni 2013 aliwakumbusha waamini jinsi mababu na mabibi walivyokuwa waangalifu wasitupe chakula kilichobaki, akafananisha kutupa chakula na kuiba kutoka meza ya maskini. Alitaja pia vile vikapu kumi na viwili vya mabaki baada ya Bwana kulisha umati. Sisi tungeongeza jambo moja dogo juu ya vikapu hivyo: Mwinjili Yohane anatuambia kwamba ni Bwana mwenyewe aliyeagiza vipande vikusanywe, na waliotumwa kukusanya ni mitume. Hawakumwachia kazi hiyo yule mtoto mwenye mikate mitano.

Na Alhamisi ya juma hili tutasoma Injili ya Luka, pale Bwana Mfufuka anapowatokea wanafunzi wenye hofu, akawauliza kama wana chochote cha kula. Wakampa kipande cha samaki aliyekwisha kuokwa, akala mbele yao. Luka hasemi kwamba kilikuwa kiporo. Lakini hasemi pia kwamba mtu aliinuka kuwasha moto. Hili ni wazo letu tu, wala tusingependa Baba Askofu atuulize limeandikwa wapi; hata hivyo linatufurahisha kila mwaka.

Kwa kamati za sherehe tuna ombi. Kipaimara kinakuja, na baada yake somo wa parokia. Mnapopanga nani atachinja na nani atapika, mpangeni pia mtu wa kushughulikia kinachobaki, siku hiyohiyo kabla jua halijazama: kipi kinagawiwa, kwa nani, na kwa chombo gani. Kisifungwe kwenye mfuko wa kubebea takataka. Na katika nyumba zenu, kiporo kikipikwa, kiletwe mezani, na dada wa kazi aitwe aketi.

Hapa parokiani tulianza hivyo mwaka uliofuata ile Noeli, na leo tumefanya tena. Jana nyama iligawiwa kabla ya jioni, iliyosalia ikalala kwenye friji, na mchana huu mpishi ameichambua. Tulikaa meza moja ya jikoni: sisi, frateri aliye kwetu kwa mafunzo ya kichungaji, mpishi, na mlinzi wetu, aliyekuja mapema kabla ya zamu. Mlinzi alilitazama bakuli kama alivyolitazama lile lingine.

"Baba Paroko, hii ni ile ya jana?"

"Ni ya jana, Mzee wetu. Sisi tumekwisha kuanza."

Akanawa mikono, akaketi, akaomba pilipili.