Shikamoo si punguzo la bei

Vipindi vimeanza kubana, vimbweta vimejaa watu wa asaimenti, na boom ndiyo hilo, kila siku linakuja na kila siku halifiki. Nilipanga wiki hii niandike mambo ya maktaba, lakini kuna hoja inanikereketa. Nisipoitoa hapa nitaishia kugombana na watu kwenye foleni ya chakula. Basi naitoa. Anayebisha abishe.

Nasema hivi: mwanafunzi akiuza kitu chake halali, hana deni la kukiuza kwa bei ya kutupa eti kwa sababu mnunuzi kamzidi umri na gari. Kitu chenyewe ni domeni, lile jina la tovuti ambalo tunalisajili na kulilipia kila mwaka. Siku hizi wengi humu chuoni tunazo moja mbili, tumezisajili tukiwa na ndoto za kuanzisha jambo. Ndiyo maana nasema hili si la mtu mmoja.

Mwenzetu mmoja wa hosteli, jina naliweka kapuni, alisajili domeni yake alipokuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Ni neno moja la Kiswahili, la kawaida kabisa, kila anayekwenda sokoni analitamka, halafu .com. Miaka mitatu kalilipia. Mwezi uliopita kapigiwa simu na bwana mmoja wa kampuni ya mjini, nayo siitaji. Mazungumzo kanisimulia mwenyewe:

"Dogo, hilo jina unalifanyia nini?"

"Shikamoo mzee. Kwa sasa silifanyii kitu."

"Marahaba. Sasa mdogo wangu, nitakurudishia hela yako na ya soda juu yake. Laki mbili. Wewe bado mwanafunzi, tusisumbuane."

"Sawa mzee, nashukuru."

Kwisha habari. Hata dakika tano hazikufika. Wiki haijaisha, gari la kampuni hiyo likapita njia ya chuo, ubavuni limechorwa jina lile lile na .com yake, herufi kubwa za rangi. Tena si gari moja, ni matatu.

Mshikaji wangu simlaumu. Mtu ambaye boom limechelewa na mkononi ana buku mbili, laki mbili ni mlima. Ninaogombana nao ni nyie mliompongeza pale kimbweta. Mlitoa hoja tatu, nazikumbuka zote, nazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Kalipia kama laki moja kwa miaka yote, kauza laki mbili. Kapiga mara mbili, anataka nini tena?"

Jamani, tangu lini bei ya kitu ikawa ni gharama aliyoingia muuzaji? Nenda kamuulize mwenye kiwanja Kigamboni alinunua kwa shilingi ngapi zamani, halafu mwambie utamrudishia hela yake na ya soda. Utatoka umekimbizwa na mbwa. Bei inatokana na jinsi mnunuzi anavyokihitaji kitu, na atapata hasara gani akikikosa. Yule bwana alikuwa ameshaandaa rangi za kuchora magari. Akikosa jina lile, inabidi abadilishe jina la biashara, au aongeze vijineno vya ajabu ambavyo mteja hatavikumbuka. Hiyo ndiyo thamani iliyokuwa mezani siku ile, na mwenzetu aliketi mezani bila kuijua.

Mifano ipo. Business.com iliuzwa mwaka 1997 kwa dola 150,000, watu wakacheka. Mwaka 1999 ikauzwa tena kwa dola milioni 7.5. Gharama ya kuisajili haikuwa imepanda hata kidogo, kilichobadilika ni waliokuwa wanaitaka. Mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy ya Marekani iliuza Voice.com kwa dola milioni 30. Sisemi jina la mwenzetu lingefika huko, msije mkaanza ndoto za mchana. Majina mengi hayapati mnunuzi kabisa, mtu analipia hadi anachoka na kuliacha. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutolitupa siku mnunuzi anapokuja mwenyewe, kwa miguu yake.

Tena angalieni hesabu ya kusubiri. Domeni ya .com inalipiwa kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Chukua 12, ni dola 1 kwa mwezi, bei ya sahani ya chipsi mayai au karibu na hapo. Kwa maneno mengine, muuzaji anaweza kukaa na jina lake mwaka mzima kwa kujinyima chipsi mara moja kwa mwezi. Mwenye magari yaliyokwisha kupakwa rangi hawezi kukaa hata wiki. Sasa hapo mwenye haraka ni nani? Halafu mnaniambia mnyonge alikuwa mwanafunzi! Mnyonge alikuwa mwenye suti, ila alijua kuuficha unyonge wake nyuma ya neno "dogo".

Hoja ya pili: "Kuuza majina ni ulanguzi. Hakutengeneza kitu, kakalia jina tu."

Hii naiheshimu kidogo, kwa sababu upo ulanguzi kweli. Kuna jamaa wanaona kampuni fulani ina jina kubwa, wanakimbia kulisajili, halafu wanaipigia simu walipwe. Hao sinao. Na sheria haiwataki. Tangu mwaka 1999 ICANN, ile taasisi inayosimamia mfumo wa majina haya duniani, ina utaratibu wa usuluhishi unaoitwa UDRP. Mwenye alama ya biashara akithibitisha mambo matatu anapewa domeni: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki nalo wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kulisajili hasa ili umuuzie yeye kwa faida kunahesabiwa ni nia mbaya. Hiyo ni kwa .com na ndugu zake, .tz ina taratibu zake yenyewe.

Mnamkumbuka Mike Rowe? Alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Kanada, miaka 17. Mwaka 2003 akasajili MikeRoweSoft.com kwa kuchezea jina lake mwenyewe. Wanasheria wa Microsoft wakamwandikia wakamtaka awape. Akaomba alipwe chochote, wakamwambia dola 10, gharama aliyosajilia. Akakasirika, akajibu kwamba anataka dola 10,000. Ndipo walipomgeuzia kibao: unaona, huyu alikuwa anataka kutuuzia tangu mwanzo! Ile tarakimu aliyoiandika kwa hasira ikawa silaha yao. Watu walipiga kelele kumtetea, na Januari 2004 wakamalizana kwa maelewano, akapata vitu kadhaa, ikiwemo mashine ya Xbox. Funzo lake ni kwamba jina likigusa alama ya mtu, hasa kampuni yenye wanasheria, usitaje bei. Tafuta kwanza ushauri, humu chuoni watu wa sheria wamejaa tele.

Upande wa pili yupo Uzi Nissan wa North Carolina, Marekani. Nissan ni jina la ukoo wake, alikuwa na biashara ya kompyuta kwa jina hilo, akasajili nissan.com mwaka 1994. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshtaki. Kesi ikachukua miaka, ikamla fedha nyingi, lakini domeni hakunyang'anywa, alikuwa nayo hadi alipofariki mwaka 2020. Kwa hiyo aliyetangulia kusajili kwa nia safi si mwizi, hata kama aliyekuja baadaye ni mkubwa kama mlima.

Sasa neno la kawaida la Kiswahili, ambalo mwenzetu alilisajili na ile kampuni bado haijafikiriwa hata kuanzishwa, ni ulanguzi wa nini? Neno ni la babu zetu wote. Yeye aliwahi, akalipia, akatunza. Kama kuwahi ni ulanguzi, basi na nyie mnaowahi kimbweta saa kumi na moja alfajiri kwa kuweka daftari ni walanguzi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nikaandika: "Mkubwa akikuomba huwezi kumkazia. Ni utovu wa adabu."

Aisee! Hapa ndipo tunapoliwa. Waswahili wenzangu, hivi ni nani aliyetufundisha kupatana bei kama si hao hao wakubwa? Mahari inapangwaje? Wazee wanaketi kwenye jamvi, shikamoo zinapita kila upande, vikombe vya chai vinazunguka, na bado tarakimu inatajwa, inapunguzwa, inabishaniwa hadi jua linazama. Hujasikia upande wa binti ukisema, "Kwa kuwa mmetusalimia vizuri, toeni mnachotaka." Adabu ipo na bei ipo, na kila moja inakaa kwenye mkeka wake. Yule bwana hakuomba, alikuja kununua. Ndugu anayeomba anasema naomba. Anayesema "laki mbili, tusisumbuane" yuko dukani.

Na angalieni alivyochanganya kwa makusudi. Kwenye bei wewe ni "mdogo wangu". Ungemwambia, "Kaka, basi mdogo wako nisaidie ada," mngeona undugu unavyokatika kama mtandao wakati wa kusajili kozi.

Jamvi la mahari lina funzo jingine. Bwana harusi haendi kuongea mwenyewe, anatuma mshenga. Wazee walijua kwamba mwenye shida akiongea mwenyewe sauti inamsaliti. Basi nawe tafuta mshenga wako. Ukipigiwa simu ghafla, jibu moja tu linatosha: "Shikamoo mzee, asante kwa kunitafuta. Naomba uniandikie unachopendekeza, nina mshirika wangu, tutakujibu." Hujakosa adabu hata chembe, na umepata siku mbili za kumchunguza ni nani na anataka jina la nini.

Siku hizo mbili, kabla ya kumjibu, andika kwenye karatasi bei ambayo chini yake huuzi. Iandike ukiwa umeshiba. Kisha ukianza kupatana, kila unaposhuka mwombe naye apande, na hatua zako ziwe fupi kila mara, ajue unakaribia mwisho. Usiseme "nina shida". Usiseme "silifanyii kitu". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomgharimu mwenzetu, kabla hata bei haijatajwa.

Halafu kuna wezi, hao hawapatani kabisa, wanakuvua. Wapo wanaokuandikia barua pepe tamu: nitakulipa maelfu ya dola, ila nataka cheti cha tathmini ya domeni yako kutoka kwa watu fulani. Unalipia cheti, mnunuzi anayeyuka. Mwenye cheti na mnunuzi ni yule yule, au ni watoto wa baba mmoja. Kanuni ni rahisi: anayenunua ndiye anayetoa hela, muuzaji halipii kununuliwa.

Na usikabidhi jina kwa ujumbe wa simu unaosema umepokea pesa. Ujumbe unaghushiwa. Angalia salio lenyewe. Kama fedha ni nyingi, tumieni mtunza amana anayejulikana: mnunuzi anaweka fedha kwake, wewe unahamisha domeni, mnunuzi akithibitisha ndipo fedha inakuja kwako. Escrow.com wanafanya kazi hiyo tangu 1999. Ile namba ya siri ya kuhamishia domeni usimpe mtu "aangalie kwanza". Na kabla ya yote hayo, ingia leo kwenye akaunti yako uone domeni imeandikwa kwa jina la nani. Wengi mlisajiliwa na rafiki wa rafiki, kwa barua pepe yake. Kwenye kumbukumbu mwenye mali ni yeye, na siku ya mnunuzi utabaki unapiga simu zisizopokelewa.

Najua kuna atakayesema ninawafundisha watu ulafi. La hasha. Angetokea mwalimu wa shule ya msingi anataka jina lile kwa ajili ya wanafunzi wake, ningemwambia mwenzetu ampe bure na tumshangilie wote. Zawadi ni ya mtoaji, anaitoa kwa hiari yake akijua thamani yake. Lakini kitu ulichonyang'anywa kwa kuitwa "dogo" hakiitwi zawadi.

Kwa hiyo pale kimbweta msipongeze tena. Laki mbili zimeshakwisha, zimelipa madeni ya kantini na bando. Magari bado yanapita.

Naomba kutoa hoja. Watu wa sheria na watu wa biashara, uwanja ni wenu, pingeni. Mimi nakimbilia kipindi cha saa nane.