Kuvu nyeusi ya India: somo juu ya chuma, sukari na dawa za farmasi

Mwezi wa tano 2021, wakati wakaaji wa Goma walikuwa wakikimbia moto wa Nyiragongo, waganga wa India walikuwa wakipambana na balaa lingine. Wagonjwa waliopona Covid-19 walirudi hospitalini uso umevimba, pua inatoa majimaji meusi, jicho moja halioni tena. Ugonjwa huo unaitwa mukomikosisi. Watu waliuita kuvu nyeusi. Tarehe 20 ya mwezi huo, serikali ya India iliomba majimbo yote yatoe ripoti ya kila mgonjwa. Kufikia mwezi wa saba, wagonjwa zaidi ya 45 000 walikuwa wamehesabiwa, na zaidi ya 4 300 kati yao walikuwa wamefariki. Wengine waliokoka baada ya kuondolewa jicho au sehemu ya taya.

Kuvu hiyo si ngeni. Inaishi katika udongo, majani yanayooza na mkate uliolala siku nyingi. Kila mtu anavuta mbegu zake bila kuugua. Kwa nini basi iliua watu wengi namna hiyo? Sehemu ya jibu iko ndani ya damu, katika chuma.

Kuvu hiyo haikui bila chuma. Kwa mtu mwenye afya, chuma hakitembei ovyo katika damu. Kinashikwa na protini inayoitwa transferini, kama feza iliyofungiwa ndani ya sanduku. Lakini sukari ikipanda sana bila kutunzwa, damu inaweza kugeuka kuwa na asidi. Hapo transferini inalegea, chuma kinaachiliwa, na kuvu inapata chakula. Covid kali nayo inavuruga mambo: feritini, protini inayohifadhi chuma, inapanda sana. Watafiti wengi wanashuku kwamba hapo pia kuna mlango mmoja wa kuvu.

Ushahidi juu ya chuma ulikuwepo zamani. Miaka mingi kabla ya Covid, wagonjwa wa figo waliopewa deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma mwilini, walishikwa na ugonjwa huohuo, kwa sababu kuvu ilitumia dawa hiyo kujiletea chuma. Dawa nyingine ya kukamata chuma, deferasiroksi, ilileta tumaini. Lakini katika jaribio dogo la Marekani lililotangazwa 2012, wagonjwa walioongezewa dawa hiyo walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Kwa hiyo asidanganyike mtu: chuma si adui wa kufukuzwa. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kwenye kituo cha afya aendelee kuvimeza, maana upungufu wa damu unaua pia.

Hatari kubwa iko mahali pengine. Mwezi wa sita 2020, utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksametazoni, miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, inapunguza vifo vya wagonjwa wa Covid wanaohitaji oksijeni. Kwa wale wasiohitaji oksijeni, haikuonyesha faida yoyote. Lakini huko India wengi walipewa dawa za aina hiyo mapema mno, kwa kipimo kikubwa, au walizinunua wenyewe. Dawa hizo zinapandisha sukari na kulaza askari wa mwili, katika inchi yenye mamilioni ya watu wa ugonjwa wa sukari, wengi wao wasiojijua. Kuvu ilikuta mlango wazi na meza imeandaliwa.

Somo hilo linagusa Kongo moja kwa moja. Deksametazoni inauzwa hapa kama pipi, bila karatasi ya munganga. Kuna wanaoimeza ili wanenepe tu. Ni wangapi kati yao wamewahi kupimwa sukari? Na kuvu ikishaingia, matunzo yake yanahitaji amfoterisini B na upasuaji wa haraka. India, inchi inayotengeneza dawa kwa ulimwengu mzima, ilikosa amfoterisini ya kutosha. Mgonjwa wa Masisi au Fizi angeipata wapi?

Kinachohitajika si miujiza. Kila kituo cha afya kiwe na mashini ndogo ya kupima sukari pamoja na vipimo vyake, na mgonjwa apimwe kabla ya kuanza deksametazoni na wakati anaitumia. Wakaguzi wa farmasi wafanye kazi yao, na muuzaji akatae kuitoa bila karatasi. Wakaaji nao waache kumeza dawa kwa kufuata maneno ya jirani.

Covid imepungua, lakini sukari, kuvu na vidonge vya sokoni bado vipo. Kidole kuchomwa kidogo ili kupima damu ni maumivu madogo. Huko India kuna waliolipa kwa jicho.