Ramani ya Amin iliyoimeza Eldoret

Februari 1976 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba magharibi mwa Kenya, hadi kilomita 32 hivi kabla ya kufika Nairobi, ni ardhi ya Uganda tangu jadi. Nilikuwa mtoto hapa Eldoret. Baba, kibarua wa kampuni ya miwati, alikuwa ameanika betri za redio juani zipate nguvu kidogo. Alisikiliza habari hadi mwisho, kisha akamuuliza mama kama tuanze kujifunza Kiganda. Alicheka peke yake.

Ubaya ni kwamba Amin hakuwa amebuni yote. Hadi 1902 mpaka wa Uganda ulifika huku Bonde la Ufa, hadi Naivasha, kabla ya Waingereza kuusogeza kwa kalamu. Amin aliuokota mwaka huo mmoja wa kweli akaugeuza hatimiliki ya mashamba yetu, pamoja na watu waliomo. Propaganda yenye tarehe sahihi ndani yake ni ngumu kuipinga, maana ukibisha unaonyeshwa kitabu.

Kenya ilijibu. Mzee Kenyatta alisema hata inchi moja haitatoka, na watu wakaandamana. Lakini waliomgusa Amin palipouma ni wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, waliokataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Nchi ile haina bahari. Malori ya mafuta yaliyokwenda kwake yalipita njia hii yetu. Punde akaanza kusema hataki vita. Tanzania haikupata bahati hiyo: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na redio ya Kampala ikatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Baadaye Amin akamwalika Rais Nyerere wa Tanzania wakamalizane ulingoni kwa ngumi. Watu walicheka, huku wanakijiji wa Kagera wakizikwa.

Sasa mimi ni fundi wa redio na simu mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret. Januari 2025, Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, mteja aliniletea simu ya kubadilisha spika, na ili kuijaribu tukafungua video aliyotumiwa: eti mapigano ya Goma. Spika ilifanya kazi vizuri mno. Nyuma ya milio ya risasi watu walikuwa wakiitana kwa Kiarabu. Goma wanaongea Kiswahili! Nilimwambia, naye akajibu kwamba hata kama si Goma, mambo ni hayo hayo. Alikuwa ameshaituma kwa kundi la kanisa.

Video hiyo hainisumbui kama maneno ya Aprili 2023, pale Rais Paul Kagame, akiwa Benin, alipoeleza kwamba mipaka ya wakoloni iliiacha sehemu ya Rwanda mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Kigali imekuwa ikikana kutuma askari Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2024 walikadiria kuwa wako kati ya 3,000 na 4,000. Mtu wa Eldoret anapaswa kuijua hoja hiyo ya mipaka akiisikia tu. Tuliwahi kupigiwa wimbo huo na Amin.

Tulifanya nini? Desemba 15, 2023, Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake na M23 katika hoteli ya Nairobi. Kinshasa ililalamika na kumwita nyumbani balozi wake. Rais Ruto akasema Kenya ni nchi ya demokrasia, haimkamati mtu kwa kutoa taarifa. Miezi sita baadaye vijana wa Eldoret waliotembea na chupa za maji na bendera, wakipinga Mswada wa Fedha, walipigwa mabomu ya machozi.

Januari 28, 2025 waandamanaji wa Kinshasa walivamia balozi kadhaa, wetu ukiwemo, wakapora. Siwatetei. Kumpora karani wa ubalozi hakurudishi Goma, na kunampa adui picha anazotaka. Lakini swali la kwa nini Kenya iliwapa waasi jukwaa lilikuwa halali, na lilipaswa kuulizwa kwanza na sisi, kwa serikali yetu, siku ile ile ya hoteli. Sikumsikia aliyeuliza kwa sauti.

Novemba 2025 Rais Museveni alidai Uganda ina haki ya kufika Bahari ya Hindi, akataja vita vya siku za usoni. Hapa kibandani vijana walitengeneza picha za mzaha. Nikawauliza wangefanya nini kama waasi wangekodi ukumbi Kampala na kutangaza kwamba wanakuja kuitwaa Eldoret, kisha Kampala iseme hiyo ni demokrasia. Mmoja akasema angekuwa wa kwanza kufika ubalozi wa Uganda. Sidhani alimaanisha kwenda kuomba viza.